Nina kiu ya Mungu, lakini katika jumuiya yetu hatumzungumzii

BARUA YA MSOMAJI

Shikamoo Mama,

Natumaini barua hii itakukuta katika hali njema. Mimi ni muuguzi mwenye umri wa miaka 33, na ninafanya kazi katika wodi ya wazazi ya hospitali moja hapa Dodoma. Nilizaliwa na kukulia Karagwe, mkoani Kagera, katika familia ya Kilutheri. Bibi mzaa baba, ambaye ndiye aliyenilea, alikuwa mmoja wa waliookoka wa zamani, wale ambao watu wa kwetu waliwaita walokole. Kila wiki walikutana nyumbani kwetu, wanawake kwa wanaume, wengi wao wakulima wa migomba na kahawa. Waliketi kwenye nyasi zilizotandazwa sebuleni, wakasoma Neno, na kila mmoja akaeleza bila kuficha jinsi alivyoenenda na Bwana wiki hiyo na mahali alipojikwaa, kisha wakaimba wimbo wao wa Tukutendereza. Mimi nilikuwa mtoto, na niliyachukulia hayo yote kuwa mambo ya wazee. Bibi alifariki nikiwa kidato cha pili, na sikuwahi kumwuliza neno lolote kuhusu imani yake.

Ninakuandikia kwa sababu tangu mwaka jana nimeshikwa na hali ambayo sina jina jingine la kuipa isipokuwa kiu ya Mungu. Ilianza kazini. Usiku mmoja mama mmoja alijifungua salama baada ya uchungu wa muda mrefu uliotutia hofu sote, na nilipokuwa nikimkausha mtoto kwa kitenge nilijikuta natamani kumshukuru Mungu, lakini maneno niliyoyazoea hayakunitosha, kwa maana nilitamani kumjua huyo ninayemshukuru. Siku hizi, nisipokuwa zamu, naamka saa kumi usiku, napiga magoti, nasoma Zaburi, wakati mwingine nalia, na mara nyingi sisikii chochote. Hata hivyo hamu yenyewe haiondoki. Ikipungua kidogo, hurudi ikiwa na nguvu zaidi.

Mimi si mgeni kanisani. Naimba kwaya, tena ni mtunza hazina wa jumuiya yetu. Tunakutana kila Jumamosi asubuhi, nyumba kwa nyumba. Tunaimba wimbo mmoja, tunasoma somo lililopangwa, mmoja wetu anasali, na baada ya hapo daftari linafunguliwa: ahadi za ujenzi, mchango wa msiba, kamati ya harusi, zamu ya usafi wa kanisa, maandalizi ya mnada wa sikukuu ya mavuno. Anayelisoma daftari hilo ni mimi, kwa hiyo siwezi kuwalaumu wengine nikajiacha nje.

Jumamosi moja nilijikaza nikauliza, "Ndugu zangu, mnafanyaje mnapomtafuta Mungu kwa muda mrefu na mkaona kimya?" Hakuna aliyejibu. Kijana mmoja akainamia simu yake, mama mwenye nyumba akaanza kukusanya vikombe vya chai, na mzee wa kanisa akasema tusimame tumwombee dada yetu kwa sababu adui anamjaribu. Waliniombea, nikaitikia amina, tukaendelea na hesabu za mabati. Wakati wa kutoka, bibi mmoja mjane ambaye si msemaji alinishika mkono getini akaniambia, "Ulichouliza usiache kukiuliza," akaenda zake. Mimi nilikuwa nimeona aibu mno, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiomba nipangiwe zamu za Jumamosi ili nipate sababu ya kutokwenda.

Sasa ninasali peke yangu na kufuatilia mahubiri kwenye simu. Nimegundua kwamba ninaweza kusikiliza mahubiri njiani, wakati wa kupika na kabla ya kulala, na bado nikalala na kiu ileile. Kazini hatuzungumzii mambo haya, ingawa alfajiri moja, tulipompoteza mama mmoja mzazi tukiwa tumefanya kila tulichoweza, mwenzangu wa zamu, ambaye ni Mwanglikana wa Mpwapwa, aliketi nami kwenye benchi la chumba cha dawa, akaanza sala ya Baba Yetu kwa sauti ya chini. Nilimfuatisha mpaka mwisho, tukainuka kwenda kuandika ripoti, na hatujaligusia tena jambo hilo.

Mfanyakazi mwingine amenialika katika kikundi cha maombi kinachokesha kila Ijumaa katika ukumbi wa kukodi, nami nimekwenda mara kadhaa. Wanaomba kwa bidii na machozi, na nilipokuwa pale nilijisikia vizuri. Lakini kiongozi wao anasema kanisa letu limekufa, anataka kila mtu ampelekee yeye kwanza uamuzi wowote mkubwa wa maisha yake, na ametuambia kwamba mwenye kiu ya kweli huithibitisha kwa kutoa mshahara wa mwezi mzima kuwa malimbuko.

Naomba unisaidie. Je, hamu hii imetoka kwa Mungu au ni uchovu wa zamu za usiku? Kwa kuwa ni jambo la moyoni, niendelee kumtafuta peke yangu, au niwafuate hao wa Ijumaa ambao angalau wanamtafuta? Na nifanye nini na jumuiya ambayo naiona kavu?

Mwenye Kiu, Dodoma

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma kwa utulivu, na kabla ya yote nataka ujue kwamba swali ulilowauliza wanajumuiya wenzako lilikuwa swali halali la Mkristo, na hukuwa na sababu ya kuona aibu kwa kuliuliza. Watu wa Mungu wameliuliza tangu zamani, tena wameliuliza hadharani, ndani ya nyimbo za ibada.

Unauliza kama hamu hii ni ya Mungu au ni uchovu. Inawezekana vyote viwili vipo kwa pamoja, na kimoja hakikifuti kingine. Zaburi ya 27 inasema, "Uliposema, Nitafuteni uso wangu, Moyo wangu umekuambia, Bwana, uso wako nitautafuta." Katika maneno hayo Mungu ndiye aliyetangulia kusema, na moyo wa mtu ukaitika baadaye. Hamu inayodumu miezi na miezi, ambayo haikufanyi uwadharau wengine, inayokuinua usiku kusoma Neno na iliyoanza kwa shukrani juu ya mtoto wa mtu mwingine, sina sababu ya kuitilia shaka. Hata hivyo una mwili, na mwili unaokesha wodini kisha unaamka saa kumi usiku siku za mapumziko unahitaji kuonewa huruma. Eliya alipochoka hata akaomba afe, malaika hakumhubiria kwanza. Alimgusa akamwambia ainuke ale, na palikuwa na mkate na gudulia la maji kichwani pake, akala, akanywa, akalala tena. Lala siku unazotoka zamu, na sala yako iweke saa ambayo macho yako yanaweza kufunguka. Na kama pamoja na kiu hii unaona huli, hulali hata ukipata nafasi, au unapoteza hamu ya kuishi, mweleze daktari unayemwamini mapema, kama ambavyo ungemshauri mgonjwa wako. Kufanya hivyo hakupunguzi imani hata kidogo.

Kuhusu kimya unachokutana nacho katika sala, siwezi kukuahidi kwamba kitaondoka mwezi huu au mwakani. Ninachoweza kukuambia ni kwamba kusikia au kutosikia kitu moyoni si kipimo cha kuwapo kwa Mungu, na kwamba wewe unaamini zaidi ya unavyodhani, kwa sababu mtu hapigi magoti usiku baada ya usiku mbele ya asiyekuwapo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naliona ndilo kiini cha barua yako. Umesema kwamba hili ni jambo la moyoni, na kwa hiyo pengine linapasa kufanywa peke yako. Irudie Zaburi ya 42, ambayo bila shaka umekwisha kuisoma alfajiri zako: "Kama ayala aioneavyo shauku mito ya maji, Vivyo hivyo nafsi yangu inakuonea shauku, Ee Mungu." Tunalijua neno hilo kwa moyo, lakini mara nyingi tunaishia hapo. Anayesema yuko mbali na Yerusalemu, katika nchi ya Yordani na Hermoni, machozi yamekuwa chakula chake, na watu wanamwuliza mchana kutwa Mungu wake yuko wapi. Katika hali hiyo, anapoimimina nafsi yake, anakumbuka nini? Hakumbuki ndoto wala maono aliyoyapata akiwa peke yake chumbani. Anakumbuka jinsi alivyokuwa akienda pamoja na mkutano kuelekea nyumba ya Mungu, kwa sauti za furaha na kusifu, umati wa watu ukifanya sikukuu. Kumkosa Mungu na kuwakosa wale aliokuwa akimwendea pamoja nao ni maumivu yaliyofungamana ndani yake. Tena zaburi hiyo ni ya wana wa Kora, ambao walikuwa waimbaji, ikakabidhiwa kwa mwimbishaji ili iimbwe na watu wengi. Wewe ni mwanakwaya, kwa hiyo hilo utalielewa kuliko mimi: maneno ya siri kuliko yote kuhusu kiu ya mtu mmoja yaliwekwa vinywani mwa kundi zima.

Ndiyo maana sikubaliani na wazo la kuendelea peke yako. Na sina haja ya kukutafutia watu, kwa kuwa umekwisha kuwataja mwenyewe katika barua yako, kila mmoja kwa mistari michache, kana kwamba ni mambo ya kupita. Yuko bibi mjane aliyekushika mkono getini. Mwanamke wa umri ule, asiyependa kusema mbele za watu, hatumii maneno kama yale kwa ajili ya kukufariji tu. Alikuambia hivyo kwa sababu swali hilo analijua. Yuko pia mwenzako wa zamu, ambaye katika saa ngumu kuliko zote za kazi yenu hakutafuta maneno ya kukutuliza, akaanza Baba Yetu na kukuachia nafasi ya kuifuatisha. Wewe umeandika kwamba katika jumuiya hakuna aliyejibu swali lako na kwamba kazini hamzungumzii mambo haya. Mimi naona watu wawili waliokugongea mlango, na wewe kwa aibu hujawafungulia.

Bwana Yesu alisema, "Kwa kuwa walipo wawili watatu wamekusanyika kwa jina langu, nami nipo papo hapo katikati yao." Kwa Mlutheri neno hilo lina uzito wa pekee. Martin Luther, katika makala ya imani aliyoyaandaa kwa ajili ya mkutano wa Schmalkalden wa mwaka 1537, alipotaja njia ambazo kwazo Injili hutujia, alitaja mahubiri, ubatizo, sakramenti ya altare na mamlaka ya kufungua dhambi, kisha akaongeza mazungumzo na faraja ya ndugu wao kwa wao, akilitegemeza jambo hilo juu ya maneno hayohayo ya Mathayo 18. Kwa hiyo unapotamani mtu wa kuzungumza naye habari za Mungu, hutamani nyongeza iliyo nje ya mapokeo ya kanisa lako, wala huna haja ya kulihama kanisa ili kuipata.

Bibi yako alilijua hilo bila kusoma makala yoyote. Nasikitika kwamba hukupata nafasi ya kumwuliza, kwa hiyo niruhusu nikueleze kidogo uamsho uliozaa ile ibada ya sebuleni kwenu ulianzaje, kwa sababu wengi wanadhani ulianza kwa mikutano mikubwa na vipaza sauti. Mwaka 1929 daktari mmoja Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda, alifika Kampala akiwa amechoka mwili na roho baada ya kuhudumia watu wakati wa njaa kali. Katika kilima cha Namirembe alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa mfanyakazi wa serikali katika idara ya afya. Wote wawili walikuwa Wakristo tayari, na wote wawili waliona kwamba kuna kitu wamepungukiwa. Hawakuwa na mpango wala kamati. Waliketi na Biblia, wakasoma pamoja habari za Roho Mtakatifu, wakaomba pamoja, mzungu na Mwafrika, jambo ambalo katika siku zile za ukoloni halikuwa la kawaida. Church aliporudi Gahini, moto huo ukaingia hospitalini, kwa Yosiya Kinuka, mfanyakazi wa hospitali hiyo, na kwa Blasio Kigozi, ndugu yake Nsibambi, aliyekuja Gahini kufundisha. Katika miaka ya 1930 ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika, hata ukafika huko kwenu magharibi mwa Ziwa Viktoria. Ninakusimulia haya kwa kirefu kwa sababu ulianza kwa watu wawili waliokiri kiu yao kila mmoja mbele ya mwenzake, na kwa sababu miongoni mwa wa kwanza kuguswa walikuwa watu wa hospitali, watu wa zamu na vidonda na vifo kama wewe.

Walokole walikuwa na neno walilolipenda, kuenenda nuruni, kutoka waraka wa kwanza wa Yohana: "bali tukienenda nuruni, kama yeye alivyo katika nuru, twashirikiana sisi kwa sisi." Kwao haikutosha kusema "ninaendelea vizuri, Bwana asifiwe" na kuketi. Mtu alisema ukweli wa wiki yake, na wenzake wakampokea kwa wimbo. Nakiri kwamba mahali pengine jambo hilo lilipoteza uzuri wake, kukawa na watu waliolazimishwa kuungama mbele ya wengi na wengine waliogeuka kuwa wasimamizi wa dhambi za jirani zao, kwa hiyo sikushauri ujaribu kurudisha kila walichofanya. Sikushauri pia ulazimishe jumuiya nzima ya Jumamosi iwe hivyo. Anza na hao wawili.

Na uanze kwa urahisi. Mtafute mwenzako mkiwa mmetoka zamu pamoja, wakati ambapo hakuna anayewasikiliza, umwambie, "Ile alfajiri uliposali Baba Yetu ulinisaidia sana. Mimi namtafuta Mungu na ninaona kimya. Je, tunaweza kusoma na kuomba pamoja mara moja kwa wiki?" Usimweleze zaidi ya hapo siku ya kwanza. Kwamba yeye ni Mwanglikana lisikusumbue. Kila mmoja atabaki katika kanisa lake na kushiriki meza ya Bwana huko. Yule bibi mwendee nyumbani kwake, maana wazee wetu hawazungumzi mambo mazito getini. Nenda mchana, ukae, usaidie kazi iliyopo, kisha umwulize yeye alifanyaje katika miaka yake ya kimya. Naamini utakuta kwamba anayo ya kukuambia, na kwamba hajawahi kuulizwa na mtu wa umri wako. Kama ratiba yenu ya zamu inaruhusu, mkutane wote watatu kwake. Msome kifungu kifupi, kila mmoja aseme kwa ukweli kilichomgusa au kwamba hakikumgusa, na mwombeane kwa kutajana majina na mahitaji. Mkikaa kimya kwa muda, mkae bila haraka ya kukijaza kimya hicho kwa maneno. Siri za wagonjwa wenu zisiingie katika kikao hicho kamwe, na mnayoambiana yasitoke nje yake. Ukiwa na dhambi inayokulemea, mwone mchungaji wako faraghani. Kuungama mbele yake na kutangaziwa ondoleo ni haki yako, na ni watu wachache mno siku hizi wanaoitumia.

Sikukatazi kusali peke yako. Bwana mwenyewe aliondoka alfajiri akaenda mahali pasipo watu kuomba, na ambaye hasali chumbani hana cha kupeleka kwa wenzake. Lakini tazama jinsi mambo hayo mawili yanavyopaswa kufuatana. Augustino, mwalimu mkuu wa kanisa la kale na Mwafrika mwenzetu wa Thagaste katika nchi ambayo leo ni Algeria, alipokuwa Milan mwaka 386 akihangaika na nafsi yake, alikuwa bustanini pamoja na rafiki yake Alipio. Kilio kilipomzidi alijitenga, akaenda kulia chini ya mtini, kwa sababu aliona kulia kunahitaji upweke. Kisha akarudi pale alipomwacha Alipio na barua za Paulo, akazifungua, akasoma aya moja ya Warumi 13, na moyo wake ukatulia. Alipomwonyesha rafiki yake aya ile, Alipio akaendelea kusoma inayofuata, "Yeye aliye dhaifu wa imani, mkaribisheni," akalichukua neno hilo kuwa lake. Walibatizwa pamoja wakati wa Pasaka ya mwaka 387. Mmoja alipata jibu lake kwa aya moja, mwenzake kwa aya inayofuata, na huyo wa pili asingeipata kama wa kwanza angebaki chini ya mti wake.

Kuhusu kikundi cha Ijumaa nitasema kwa uwazi: acha kwenda. Sina neno juu ya mikesha yenyewe, na ninaamini wengi wa wale wanaolia katika ukumbi ule wanalia kwa moyo safi, wakiwa na kiu kama yako. Ninachokikataa ni mambo matatu uliyoyataja kuhusu kiongozi wao. Mtu anayekutangazia kwamba kanisa lako lote limekufa anakutenga na kila mtu ambaye angeweza kumpinga. Anayetaka kila uamuzi wako upitie kwake anajiweka mahali pa Mungu unayemtafuta. Na anayepima kiu yako kwa mshahara wako anauza kisichouzwa, maana nabii Isaya aliita, "Haya, kila aonaye kiu, njoni majini, na yeye asiye na fedha, njoni, nunueni mle." Sadaka ni ibada, nami natoa na ninahimiza watu watoe, lakini hakuna mahali katika Injili ambapo mwenye kiu alidaiwa malimbuko kabla ya kunyweshwa. Kama umekwisha kuahidi fedha hizo, ahadi iliyotolewa kwa shinikizo la namna hiyo haikufungi. Yule aliyekualika usimwache. Mweleze kwa upole sababu zako, na umkaribishe atakapokuwa tayari.

Mahubiri ya kwenye simu yaendelee kwa kiasi. Mhubiri wa mbali anaweza kukufundisha, lakini hajui kwamba Jumamosi iliyopita hukuonekana.

Imebaki jumuiya yako. Kwanza umsamehe mzee wa kanisa. Uliuliza swali ambalo huenda yeye mwenyewe hajawahi kuthubutu kulitamka, mbele ya watu wanaomtegemea awe na majibu, naye akafanya kitu pekee alichojua, yaani kusimamisha watu waombe. Kama ungemwendea nyumbani kwake jioni moja na kumwuliza swali hilohilo akiwa peke yake, ninadhani ungekutana na mtu tofauti. Pili, usilidharau daftari. Mabati na michango ya misiba ni upendo ulioandikwa kwa tarakimu, na yule mjane wako bila shaka alimzika mume wake kwa msaada wa daftari kama hilo. Kosa linaanza pale linapochukua saa nzima na Neno likaachiwa mabaki. Wewe ndiye mtunza hazina, na kwa hiyo una uwezo ambao wengine hawana: mwombe mzee wa kanisa kwamba hesabu zisomwe mwishoni kabisa, baada ya chai, na kwamba taarifa za kawaida zitumwe kwa simu siku moja kabla, ili muda uliookolewa utumike kwa maombi, kila mtu akieleza hitaji lake. Akikubali, usitegemee kwamba watu watafunguka Jumamosi ya kwanza. Waraka kwa Waebrania unatuagiza tusiache kukusanyika pamoja, kama ilivyo desturi ya wengine, bali tuonyane, na walioambiwa hivyo walikuwa na sababu nzito zaidi za kukaa nyumbani kuliko mimi na wewe.

Kwa hiyo acha kuomba zamu za Jumamosi. Ratiba ya mwezi ujao ikianza kupangwa, mwombe msimamizi wako wa wodi akupe angalau Jumamosi mbili za mapumziko, na umweleze sababu bila kuificha. Wiki hii mfuate mwenzako baada ya zamu, na mkikubaliana, someni kwanza Zaburi ya 42 na ya 43 kwa kupokezana aya, kwa sauti, kwa kuwa zinabeba kiitikio kimoja kinachorudi mara tatu, na mtu mmoja akishindwa kukitamka, mwingine aweza kukitamka kwa ajili yake. Uniandikie baadaye unijulishe yule bibi alikuambia nini.